Somo: Tuandike kitabu cha maelezo ya programu yetu, kisilale mu kichwa cha mtu mmoja



Tumezoea kuzungumza hapa juu ya mbegu, kuvundika kakao na magonjwa ya migomba. Leo tunazungumza juu ya kitu ambacho hakioti mu udongo, lakini kikikosekana kakao inaweza kulala mu depo. Ni maelezo yaliyoandikwa ya ile programu tunatumia mu telefone kwa kuandika memba, mashamba na kilo. Koperative nyingi ziko na telefone, ziko na programu, ziko hata na kijana anayejua kuzitumia. Maelezo yaliyoandikwa, ni chache sana ziko nayo.

Ilitokea kwa jirani yetu

Koperative moja ya kakao, ambayo hatutataja jina, ilikuwa na telefone ine za kupimia mashamba. Kijana mmoja ndiye alijua kila kitu: neno la siri, namna ya kutuma, namna ya kutoa liste ya memba. Wengine walikuwa wanasema tu, "Ngojeni yeye anakuja."

Juma moja hali ikaharibika upande wao. Watu wakahama, na kijana naye akaenda na familia yake upande wa Butembo. Namba yake haikupita tena. Siku hizo mnunuzi akaomba liste ya mashamba. Sekretere akafungua telefone moja, ikaandika kama hakuna nafasi. Mtu akamushauri afute ile programu na kuiweka upya. Akafuta. Kumbe ndani mulikuwa formulere za majuma mawili ambazo hazikutumwa bado. Zote zikaenda.

Mtu anaweza kusema, si warudie tu kupima? Mashamba mengine walirudia. Lakini yale mengine yako mahali ambapo leo hakuna mtu anaenda bila kuogopa. Mama mmoja mjane, shamba lake lilikuwa limepimwa vizuri siku ile njia ilikuwa wazi. Leo mu liste hayumo, na hakuna wa kumurudishia ile siku.

Hakuna aliyekuwa mubaya mu habari hii. Sekretere alitaka kusaidia. Kijana alikuwa anaokoa watoto wake. Kilichokosekana ni karatasi moja yenye mustari mmoja: "Usifute programu hata siku moja kama formulere hazijatumwa."

Programu huria ni kama mbegu ya nyumbani

Koperative nyingi zinatumia KoboToolbox, na mu telefone inaitwa KoboCollect. Wengine wanatumia ODK, ambayo ilianza mwaka 2008 kwenye chuo kikuu cha Washington mu Marekani. KoboCollect yenyewe imejengwa juu ya kazi ya ODK. Hiyo iliwezekana kwa sababu zote mbili ni programu huria: yale maandiko yanayoifanya itembee yako wazi. Kila mtu anaruhusiwa kuyasoma, kuyatumia, kuyarekebisha na kumupa mwingine.

Sisi wakulima tunafahamu jambo hilo bila shida. Ni kama maharagi yetu ya nyumbani. Unavuna, unachagua mbegu, unaweka, unapanda tena, unamupa jirani. Hakuna anayekuja kukuuliza. Lakini mbegu peke yake haitoshi. Ukimupa jirani mbegu bila kumuambia inapandwa mwezi gani na kwa nafasi gani, umemupa nusu tu. Programu iko vile vile. Maandiko yake yanaweza kuwa wazi kwa dunia nzima, lakini kama namna ya kuitumia iko mu kichwa cha mtu mmoja, kwenu ninyi imefungwa na ufunguo uko mu mufuko wake.

Wengine walifanya namna gani

Watu wanaotengeneza programu huria walikutana na shida hii mbele yetu. OpenMRS ni programu huria ya kuandika habari za wagonjwa. Ilianza mwaka 2004, na Eldoret mu Kenya ni kati ya mahali pa kwanza ilitumika. Programu ilikua mbio kuliko maelezo yake. Mu mwezi wa kumi 2011, watu wa OpenMRS pamoja na wa miradi mingine mitatu, nayo ni OpenStreetMap, KDE na Sahana Eden, walikusanyika California mu Marekani. Kila kikundi kiliandika kitabu chake kizima mu siku chache tu. Hawakungojea mtaalamu mmoja aandike mwaka mzima. Waliingia pamoja, wakagawanya sura, kila mmoja akasoma ya mwenzake.

Mfano mwingine uko karibu zaidi. OpenStreetMap ni ramani huria ya dunia, inachorwa na watu wa kujitolea. Ebola ilipotokea Mangina na Beni mwaka 2018, watu wa inchi nyingi walichora barabara na nyumba za upande wetu, ili wenye kutoa chanjo na dawa wajue wanaenda wapi. Lakini watu wengi namna ile wakichora bila maelezo, mmoja ataandika barabara kuu, mwingine ataita hiyo hiyo njia ndogo. Kwa hiyo wana ukurasa ulioandikwa hasa juu ya barabara za Afrika. Unaeleza kama barabara inaitwa kubwa kwa sababu inaunganisha miji, hata kama haina lami. Ukurasa ule unafanya watu ambao hawajaonana kamwe wachore kwa namna moja.

Na Tanzania, kwenye chuo kikuu cha Dar es Salaam, mradi uliitwa Kilinux ulitoa mwaka 2004 programu ya ofisi kwa Kiswahili, jina lake Jambo OpenOffice. Kazi kubwa ya kwanza ilikuwa kukubaliana maneno: hiki tutakiita nini, na kile nini? Bila liste ya maneno, kila mtafsiri angeita kitu kimoja kwa jina lake.

Basi tuko na mafundisho matatu: tuandike pamoja, tukubaliane namna moja, tukubaliane maneno.

Kitabu kiko na vyumba vine

Kosa la kwanza la watu wanaoandika maelezo ni kuchanganya yote mu furushi moja. Mtu anatafuta kitu kimoja tu, anapewa kurasa kumi za kusoma. Anachoka, anafunga. Wanaoandika maelezo ya programu huria wengi wanagawanya vyumba vine. Na sisi tufanye hivyo.

Chumba cha kwanza ni somo la mwanafunzi. Ni kwa mtu ambaye hajashika ile programu hata siku moja. Unamushika mkono kutoka mwanzo hadi mwisho kwa mfano mmoja, kama vile unamufundisha mtoto kukata matawi ya kakao kwenye muti mmoja. Humuelezi yote. Unataka tu amalize na aseme, "Nimeweza."

Chumba cha pili ni fishi za kazi. Hapa mtu anajua tayari kidogo, lakini leo anataka kufanya kazi moja: kutuma formulere, kuandika memba mupya, kurekebisha kilo zilizokosewa. Kazi moja, fishi moja, hatua kwa namba.

Chumba cha tatu ni kumbukumbu. Haisomwi kama habari, inaangaliwa tu, kama liste ya bei kwenye mulango wa depo. Hapa kunaandikwa maneno, namba za mitaa, maana ya kila ulizo la formulere.

Chumba cha ine ni sababu. Kwa nini tunapima shamba? Kwa nini tunatumia namba ya memba na siyo jina peke yake? Mtu asiyejua sababu ataruka hatua siku akichoka.

Kwa chumba hiki cha ine, tuchukue sababu mbili. Ya kwanza: kwetu mtoto anapewa jina kwa kufuata namna alivyozaliwa mu familia. Ndiyo maana mu koperative moja utakuta Kambale wengi, Kasereka wengi, Masika na Kavira wengi. Pesa ya Kambale mmoja ikiandikwa kwa Kambale mwingine, hiyo ni ugomvi wa bure kati ya ndugu. Namba ya memba inaondoa ugomvi.

Ya pili: Umoja wa Ulaya ulitoa sheria namba 2023/1115. Inaomba kakao na kahawa zinazoingia kwao zionyeshe shamba zilikotoka, na kwamba shamba lile halikutoka mu pori lililokatwa kisha tarehe 31 mwezi wa 12, 2020. Siku ya kuanza kuitumia imesogezwa zaidi ya mara moja, lakini wanunuzi wanaomba liste tangu sasa. Shamba la hekta 4 kushuka, alama moja inatosha. Lenye kupita hekta 4, inafaa kuzunguka mipaka yote.

Mustari mmoja wa kumbukumbu unaokoa shamba

Tuonyeshe faida ya chumba cha tatu. Alama ya shamba iko na namba mbili. Upande wa Mavivi, namba ya kwanza inaanza na 0.5 ao 0.6, na ya pili inaanza na 29.4 ao 29.5. Ile sheria inataka tarakimu sita kisha nukta. Sasa, mtu akinakili ku ordinatere na kugeuza, akaweka 29 mbele na 0.5 nyuma, shamba lako la Mavivi litaangukia mu jangwa la Sahara, inchi ya Algeria. Mnunuzi akiona kakao ya jangwani, atakataa liste nzima.

Mu kitabu andikeni hivi: "Namba ya kwanza ni 0, ya pili ni 29. Kama ni kinyume, simama. Tunatumia nukta, siyo virgule." Mustari ule hata mtu asiyejua ramani anaweza kuutumia kwa kuhakikisha kazi ya mwenzake.

Fishi moja ya mfano

Hii ni fishi ya kazi. Mnaweza kuinakili na kuirekebisha.

FISHI YA 3: KUTUMA FORMULERE ZA SIKU
Nani: kila ajenti aliyepima leo.
Lini: mbele ya kulala, ao mara tu rezo inapatikana.
Unahitaji: telefone yenye moto, na unite za intaneti.

1. Fungua KoboCollect.
2. Angalia kama kuko formulere zimebaki rasimu. Telefone ya Kifaransa inaandika brouillon. Rasimu haitumwi. Ifungue, imalize, kisha uihifadhi kama imekwisha.
3. Fungua mahali pa formulere zilizo tayari kutumwa. Hesabu. Andika hesabu mu kaye.
4. Chagua zote, tuma. Usizime telefone mbele ya kuona jibu.
5. Hesabu zilizotumwa. Inafaa zilingane na kaye.
6. Kama hazilingane, usifute kitu. Muambie mulinzi wa kitabu.

ANGALISHO: Usiondoe programu mu telefone, na usifute habari zake, kama kuko hata formulere moja haijatumwa. Zitapotea na hazirudi.

Angalieni vile imeandikwa. Kila mustari unaanza na kazi ya kufanya. Jambo la hatari limewekwa peke yake. Na kuko namna ya kujua kama umefaulu: hesabu zinalingana. Kama telefone yenu inaonyesha neno lingine, andikeni lile neno mnaliona ninyi.

Namna ya kuanza, siku mbili tu

Chagueni siku mbili ambazo hakuna mapimo. Itaneni watu watano ao sita: yule anayejua programu, sekretere, ajenti mmoja wa shamba, mama mmoja anayeandika kilo kwenye depo, na mtu mmoja ambaye hajui kitu. Huyu wa mwisho asikose.

Siku ya kwanza asubuhi, kila mtu aseme maulizo yale watu wanauliza kila mara. Andikeni kila ulizo kwenye kikaratasi chake. Kisha pangeni vikaratasi mu vyumba vine. Mtaona wenyewe mahali palipo na wingi, na mahali palipo wazi. Hivyo liste ya kurasa inatoka mu maulizo ya watu, siyo mu kichwa cha mwenye kujua.

Kisha kati, gawanyeni fishi, wawili-wawili. Yule anayejua asishike kalamu. Yeye aseme na kuonyesha, mwenzake aandike vile amesikia. Mwenye kujua akiandika mwenyewe, anaruka hatua ambazo kwake ni kama kupumua.

Siku ya pili, jaribu. Muchukue yule asiyejua kitu, mupeni telefone na fishi, na ninyi wote mnyamaze. Musimuonyeshe hata kwa kidole. Pale anasimama na kujikuna kichwa, ndipo fishi iko na shimo. Musicheke yeye, rekebisheni karatasi.

Mwisho, kila mtu asome fishi ya mwenzake, na mukubaliane maneno. Ni saki ao gunia? Ni kakao mbichi ao ya maji? Ni shamba ao parsele? Neno moja kwa kitu kimoja, mu kitabu chote.

Yasiyoandikwa mu kitabu

Hapa kwetu hii si ya kuchekea. Mu kitabu kinachobaki juu ya meza musiandike neno la siri, liste ya memba, alama za mashamba, wala pesa iliyolipwa. Karatasi ikiangukia mu mikono mibaya, inaonyesha nani ako na nini na analima wapi. Neno la siri liandikwe peke yake mu bahasha iliyofungwa. Prezida abaki na moja, na mutunza pesa moja, mahali tofauti. Mu kitabu andikeni tu: "Neno la siri liko kwa prezida na kwa mutunza pesa."

Na kitabu chenyewe kiwe na nakala tatu: moja mu depo, moja nje ya kijiji kwa mtu wa kuaminiwa, na picha za kurasa zote mu telefone mbili. Siku ya kukimbia hakuna anayebeba kabati.

Kitabu nacho kinapaliliwa

Programu inabadilika. Kifungo kilichokuwa juu, kesho kiko chini. Kitabu kisichopaliliwa ni kibaya kuliko kukosa kitabu, kwa sababu watu wanakiamini na kinawapoteza. Kwa hiyo kila fishi chini yake iandikwe: tarehe, nani aliijaribu mwisho, na ni mara ya ngapi imerekebishwa. Chagueni mulinzi wa kitabu. Kazi yake si kuandika yote, ni kupokea makosa yale watu wanaona na kuhakikisha yanarekebishwa. Kila mwisho wa mavuno, fanyeni tena jaribu la mtu asiyejua. Fishi ya zamani itolewe, isibaki pamoja na mupya.

Jambo la mwisho. Maelezo ya KoboToolbox yenyewe yako kwa Kiingereza na Kifaransa, na watu wetu wengi wanasoma Kiswahili. Mu programu huria, mtu anayeandika maelezo ao kuyatafsiri anahesabiwa kuwa mutumikaji wa mradi, hata kama hajui kuandika programu. Fishi ambayo mama wa depo wa Mavivi ameijaribu na ikatembea, inaweza kumusaidia mtu wa Bukavu, wa Kigoma ao wa Kasese. Mkiona kosa mu maelezo yao, waandikieni. Mkiwa na fishi nzuri, mupeni koperative jirani. Mbegu ya nyumbani haishi kwa kugawanywa.

Maulizo ya kuzungumzia mu kikundi

1. Mu koperative yetu, kama yule anayejua programu akihama kesho, ni kazi gani itasimama ya kwanza?
2. Ni maulizo gani matatu memba wanauliza kila juma? Kila moja ni ya chumba gani?
3. Nani kati yetu anaweza kuwa yule "asiyejua kitu" wa kujaribu fishi?
4. Nakala ya pili ya kitabu itakaa wapi?

Kazi ya mwezi huu: andikeni fishi moja tu, ile ya kutuma formulere, na muijaribu kwa mtu ambaye hajawahi kutuma. Moja iliyojaribiwa inapita kumi zilizolala mu kaye.